Kuchagua Injini Ndogo ya Silinda Nne kwa Mbio za Chumvini Bonneville

Ndugu watazamaji, karibuni tena gereji. Leo tunachagua injini ndogo ya silinda nne kwa ajili ya mbio za kasi za Bonneville, ule uwanda mweupe wa chumvi ulioko magharibi ya jimbo la Utah, si mbali sana na hapa West Valley City ninapofanyia kazi. Niseme mapema kwamba ninauza bloku za Toyota, yaani miili ya injini yenye silinda, zilizooshwa na kupimwa, kwa hiyo nikizisifu mjue kwamba nina maslahi. Hata hivyo, baadhi yenu nitawashauri mkanunue injini ambayo mimi siiuzi.

Swali ninaloulizwa kila siku ni injini gani ina farasi wengi, yaani nguvu nyingi, na mimi hulijibu kwa swali jingine: unataka kukimbia katika daraja gani? Chama kinachosimamia mbio hizi, Southern California Timing Association, kilianzishwa mwaka 1937 na kilifanya mashindano yake ya kwanza Bonneville mwaka 1949. Chama hiki huyagawa magari kwa ujazo wa injini na kulipatia kila kundi herufi. Sisi wa injini ndogo tuko chini ya orodha: daraja G huchukua takribani lita 1.5 hadi 2, daraja H takribani lita 1 hadi 1.5, na daraja I hushuka chini ya hapo. Mipaka kamili, pamoja na desimali zake, isome katika kitabu cha kanuni cha mwaka utakaokimbia. Juu ya hapo kuna mgawanyo wa injini zinazosukumiwa hewa kwa turbo au supachaja na zile zinazovuta hewa zenyewe, na mgawanyo wa petroli ya kawaida na mafuta mengine kama methanoli.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchagua daraja, na hatua ya pili ni kutafuta injini ambayo ujazo wake umeukaribia mstari wa juu wa daraja hilo bila kuuvuka. Hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Chukueni mfano wa 4A-GE, injini ambayo wapenzi wa Corolla za zamani wanaiheshimu kama mzee wa ukoo. Ni injini nzuri sana, lakini ujazo wake ni sentimita 1,587 za ujazo, maana yake umeshaivuka H na umeingia G, ambako unakutana na mtu mwenye F20C ya Honda S2000 yenye sentimita 1,997, inayozunguka hadi karibu mara 9,000 kwa dakika ikiwa bado kama ilivyotoka kiwandani. Umempa mwenzako zaidi ya sentimita 400 kabla hamjawasha. Ukitaka G, nenda kanunue F20C au K20, zote za Honda. Mimi sina, wala sitakuwa nayo wiki ijayo.

Daraja langu ni H, na injini yangu ni hii iliyoko mezani, 5E-FE, ambayo hapa Marekani ilikuja ndani ya Toyota Paseo na Tercel. Watazamaji wa Dar es Salaam na Nairobi mnamjua ndugu yake mdogo, 4E-FE, kwa sababu ndiye aliyekuwa ndani ya Starlet. Zote mbili zina silinda yenye kipenyo cha milimita 74. Kinachotofautiana ni stroki, yaani safari ya pistoni kutoka chini hadi juu. Ya 4E ni milimita 77.4, na ya 5E ni milimita 87.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu jambo hili huwa linazua ubishi. Kuna anayesema kwamba 4E ni bora kwa kuwa stroki fupi huiruhusu izunguke zaidi. Ni kweli kwamba huzunguka zaidi. Pistoni ya 5E katika mizunguko 8,000 husafiri kwa wastani wa mita 23.2 kwa sekunde, na pistoni ya 4E hufikia mwendo huohuo ikiwa katika mizunguko 9,000. Lakini zidisha ujazo kwa mizunguko: 1,331 mara 9,000, kisha 1,497 mara 8,000. Utapata karibu namba ileile, kwa sababu vipenyo ni sawa, na pistoni zenye eneo sawa zinazokwenda kwa mwendo sawa huvuta hewa sawa. Tofauti ni kwamba kwenye 4E utalazimika kununua springi za vavu na kemshafti zinazovumilia mizunguko 9,000, ilhali kwenye 5E unaipata hewa hiyohiyo kwa mizunguko 8,000. Mimi ni bahili, kwa hiyo nilichagua 5E.

Mwenye macho ataona kwamba hoja hiyohiyo inanigeukia. Ikiwa kinacholeta hewa ni eneo la pistoni, basi injini ya pikipiki ya Suzuki Hayabusa, ile ya sentimita 1,340, ina kipenyo cha milimita 81 na stroki ya milimita 65, kwa hiyo eneo la pistoni zake linaizidi 5E kwa takribani asilimia 20, na inafikia ule mwendo wa mita 23.2 ikiwa imeshapita mizunguko 10,500. Vavu zake pia zimepangwa kwa ajili ya nguvu, wakati hedi ya 5E-FE, yaani kile kichwa kinachofunika silinda, ina vavu zilizosimama karibukaribu, muundo ambao Toyota waliutengeneza kwa ajili ya kubana matumizi ya mafuta. Kama gari lako ni laksta jepesi, lenye magurudumu yaliyo wazi na bodi nyembamba kama mtumbwi, nunua injini ya Hayabusa na usirudi kwangu. Gari langu ni zito, na siiamini klachi ya pikipiki kulisukuma kuanzia sifuri juu ya chumvi.

Kuhusu uzito, hapa mbio za chumvini zinaenda kinyume na mbio za viwanja vya lami. Bloku hii ni ya chuma cha kalibu, na jamaa wa mbio za kawaida wangenicheka. Chumvi huteleza, matairi yanahitaji kugandamizwa, na wengi wetu hubeba vyuma vya ziada ndani ya gari kwa makusudi. Usitoe pesa kununua bloku ya alumini ili upunguze kilo ambazo baadaye utazirudisha kwa vipande vya madini ya risasi.

Hesabu ya nguvu nitaipitia haraka. Nguvu ya kuikata hewa hupanda kwa mchemraba wa kasi. Kwa umbo la gari langu, katika hewa ya Bonneville, kilomita 240 kwa saa zinahitaji takribani farasi 70 kwa ajili ya hewa peke yake, na kilomita 290 zinahitaji takribani 123. Bado hujalipa deni la chumvi inayoyashika matairi. Uwanda ule uko takribani mita 1,290 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko Dodoma na chini ya Nairobi, na mbio kubwa hufanyika Agosti, kwenye joto. Hewa ni nyepesi, injini isiyo na turbo inapoteza nguvu, lakini hewa hiyohiyo nyepesi inakupunguzia ukinzani mbele ya gari. Chumvi peke yake ndiyo haikupunguzii chochote.

Naam, sasa tupime. Haya yote niliyoyasema hayana maana ikiwa hujui kipenyo halisi cha silinda ulizonunua. Tafadhali msiruke sehemu hii. Mimi niliiruka. Bloku yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imekamilika na pistoni zake, muuzaji akaniapia kwamba haijawahi kuguswa, nikaipenda rangi yake, nikabadilisha ringi, nikaifunga. Nilikimbia nayo katika daraja H. Nilipoifungua majira ya baridi na kusugua masizi juu ya pistoni, ikaonekana hii namba hapa. Mpwa wangu, sogeza kamera. Pistoni yenyewe ni hii, nimeihifadhi. Mnaona sehemu hii nyeusi? Nikisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, masizi yanatoka kama ukoko wa sufuria, na chini yake imegongwa 1.00. Maana yake ni oversaizi ya milimita moja, yaani silinda zilishachongwa na kupanuliwa kutoka milimita 74 hadi 75. Hesabu yake ni kipenyo mara kipenyo, mara 0.7854, mara stroki, mara nne: kwa milimita 74 unapata sentimita 1,497, na kwa milimita 75 unapata 1,537. Msimu mzima nilikuwa nikikimbia katika daraja lisilo langu. Ahueni yangu ni kwamba sikuvunja rekodi yoyote, kwa sababu ukiivunja, gari hupelekwa kizuizini na injini hupimwa.

Kuna watu waliouvuka kwa akili mstari kama huu, ule wa lita 1.5 katika rekodi za kimataifa. Mwaka 1957 MG, watengenezaji magari wa Uingereza, walilileta Bonneville gari lao la EX181, likiwa na injini ya silinda nne ya sentimita 1,489 yenye supachaja, na dereva Stirling Moss akalifikisha maili 245.64 kwa saa, takribani kilomita 395. Mwaka 1959 walirudi wakiwa wameipanua injini hadi sentimita 1,506 ili wahesabiwe katika kundi lililofuata na kuchukua rekodi zake pia, na dereva Phil Hill akafikisha maili 254.91. Wao walijua walichokuwa wakikifanya. Mimi nilikuwa sijui hata namba iliyo juu ya pistoni yangu.

Haya, geji ya silinda, kifaa cha kupimia kipenyo cha ndani, na maikromita, kifaa chenye taya cha kuisetia geji hiyo. Unaifunga maikromita kwenye milimita 74.00 kamili, unaweka geji katikati ya taya zake, unazungusha uso wa saa hadi mshale usome sifuri. Kisha unaiingiza geji ndani ya silinda na kuiyumbisha mbele na nyuma. Usisome mshale kabla hujayumbisha. Mshale utakwenda upande mmoja, utasimama, kisha utageuka. Kipimo chako ni pale unapogeuka, si penginepo. Narudia: usisome kabla hujayumbisha, kwa sababu geji iliyoinama hukwambia kwamba silinda ni kubwa kuliko ilivyo, na utaikataa bloku nzuri. Pima juu, katikati na chini, na kila mahali pima pande mbili, kufuata urefu wa injini na kuukata.

Silinda ya kwanza, juu: inasoma milimita 73.90. Katikati: 73.90. Hmm. Chini... pia. Subirini kidogo. Mpwa wangu ananiashiria nyuma ya kamera, na ana haki ya kucheka. Silinda haipungui kwa kutumika. Haiwezekani injini ya miaka ishirini na kitu irudi utotoni. Nilisahau kukaza kufuli ya maikromita, taya zikasogea wakati naipachika geji, nikaseti sifuri ya uongo. Naanza upya. Sitaikata sehemu hii, kwa sababu ndiyo hasa itakayowapata nyumbani. Maikromita, 74.00, kaza kufuli, iangalie tena baada ya kukaza. Iangalie tena baada ya kuitoa geji.

Sasa inasema ukweli. Silinda ya kwanza ni 74.01 juu na 74.00 chini. Ya pili ni 74.02. Ya nne, niliruka mpangilio, ni 74.02. Ya tatu... nayumbisha, mshale unageuka kwenye 74.15 juu, karibu na pale ringi ya kwanza inapoishia. Pitisheni kidole hapa: kuna ngazi inayokwaruza ukucha. Hapo pistoni mpya ya standadi haitakaa vizuri, na kwenye chumvi pedali ya mafuta inakanyagwa hadi mwisho kwa dakika nzima na zaidi, si sekunde kumi. Ringi zisizoziba vizuri hupitisha moto, na pistoni hutoboka.

Fundi wa mtaani angesema tuzichonge zote milimita nusu na kuweka oversaizi. Kwa gari la sokoni ningekubali mara moja. Lakini milimita 74.5 zinatupeleka sentimita 1,517, ukingoni kabisa mwa daraja, na mimi silali usingizi na injini iliyokaa ukingoni. Hii itachongwa silinda ya tatu peke yake, ivalishwe slivu ya chuma, yaani bomba jembamba la ndani, kisha irudishwe kwenye 74.00. Inagharimu zaidi ya kuchonga, na bado ni nafuu kuliko kubadili daraja.

Naandika kwa chaki ubavuni, "3, slivu", napaka mafuta ndani ya silinda zote ili zisishike kutu, naishusha. Mpwa wangu, nisaidie kuipandisha ile nyingine. Polepole, na vidole vyako. Na hiyo maikromita usiiguse.