Maji, Mafuta na Tezi: Homoni na Kifua cha Mwanamke

(Mhadhara kwa wanawake, mtaa wa Langoni, Lamu, baada ya sala ya alasiri)

Assalaam alaykum mama zangu, dada zangu na binti zangu. Mwenye mtoto mchanga asihangaike. Akilia mpe ziwa hapo hapo ulipokaa, mada yenyewe ndiyo hiyo. Wanaume hawamo na mlango umefungwa, kwa hivyo tutayataja mambo kwa majina yake.

Mimi ni muuguzi wa uzazi wa mpango. Swali ninaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote si la mimba. Ni hili: "Sista, hii sindano itanijaza hapa?" Na mkono unagusa kifua. Mmoja anauliza kwa hofu, mwengine anauliza kwa tamaa. Wapo wasichana wanaotaka vidonge, na hawana mume wala hawana matatizo ya hedhi. Wanataka kujaza sidiria kabla ya usiku wa kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu.

Basi ukiambiwa dawa fulani inakuza matiti, uliza: kilichoongezeka ni nini? Ni maji, ni mafuta, au ni tezi?

Titi lina tezi zinazotengeneza maziwa, vijifereji vya kuyapitisha hadi kwenye chuchu, na mafuta yaliyozizunguka. Vyote hivi vinaamrishwa na homoni, wajumbe wa mwili wanaopita kwenye damu. Homoni ya estrojeni inakuza vijifereji. Projesteroni inakuza vifuko vya maziwa. Prolaktini, inayotoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, inaamrisha maziwa yatengenezwe. Tezi hizi hukua hasa mara mbili: msichana anapobaleghe na mwanamke anapobeba mimba. Tofauti nyengine zote kati yangu na yako ni za kurithi na za unene wa mwili. Na yote mawili hayalingani kwa mtu mmoja. Mara nyingi la kushoto ndilo kubwa kidogo. Nyinyi mnaocheka huko nyuma, nendeni mkajitazame.

Binti zangu wa sekondari, hili ni lenu. Matiti huanza kuota kati ya miaka 8 na 13, na huchukua miaka kadhaa mpaka yakamilike. Wa miaka 14 anayelia kwamba kifua chake ni kidogo, bado hajamaliza kukua. Hakuna dawa ya kuharakisha, na mama asikubali kumtafutia.

Sasa vidonge vya kupanga uzazi. Cha kwanza kuidhinishwa kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960, nacho kilikuwa na maikrogramu 150 za estrojeni. Vingi vya leo vina kati ya 20 na 35. Nadhani ile sifa ya kwamba vidonge vinajaza kifua ni ya vidonge vya nyanya zetu: dozi imeshuka, sifa imebaki. Mwezi wa kwanza au wa pili unaweza kuona matiti yamejaa na yanauma ukiyagusa. Hayo ni maji, yale yale yanayokuja siku chache kabla ya hedhi. Leso ikilowa huwa nzito mkononi, lakini si leso mpya. Baada ya miezi mitatu hivi mwili unazoea, na ukiacha vidonge hali inarudi ilivyokuwa. Kuhusu kunenepa, wataalamu wa Cochrane, shirika la kimataifa la kuchambua tafiti za afya, walizipitia tafiti nyingi za vidonge hivi na hawakuona ushahidi kwamba vinaongeza uzito kwa kiasi kikubwa.

Sindano ya miezi mitatu ina hadithi nyengine, na siwezi kuwaficha. Depo-Provera, miligramu 150, inawanenepesha baadhi ya wanawake. Kwao kilichoongezeka ni mafuta, na mafuta hayachagui kifua peke yake. Yatakaa tumboni na mapajani pia. Ila kuna njia ya kujijua mapema. Jipime uzito siku ya sindano ya kwanza, kisha jipime tena baada ya miezi sita. Ukiwa umeongeza zaidi ya asilimia 5, yaani ulikuwa kilo 60 na sasa umepita 63, huenda ukaendelea kuongezeka. Hapo njoo tuzungumze: kuna vijiti vya mkononi, kuna koili ya shaba isiyo na homoni yoyote. Usikae nyumbani ukaikasirikia sindano halafu ukaja kliniki na mimba ya miezi minne.

Kuna lawama moja ambayo sindano haistahili. Mama amejifungua, anapewa sindano mtoto akifika wiki sita, ananyonyesha miaka miwili, anaachisha. Anajitazama kwenye kioo anaona kifua kimelegea na kimepungua kuliko alivyokuwa mwari. Anasema, "Ile sindano imenimaliza." Hapana. Zile tezi zilizokua wakati wa mimba zimejikunja baada ya kazi yake kwisha, na ngozi iliyotanuka haikurudi yote. Hata kunyonyesha kwenyewe kunasingiziwa. Daktari Brian Rinker wa Chuo Kikuu cha Kentucky aliwachunguza wanawake waliokuja kutaka upasuaji wa matiti. Aliona kwamba kulegea kunakwenda na umri, idadi ya mimba, unene na sigara. Kunyonyesha hakukuonyesha athari. Kwa hivyo binti anayemnyima mtoto ziwa ili kulinda umbo, mimba yenyewe ilikwishafanya yake.

Nakuja kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mnavijua vile vidonge. Vinakuja kwenye kimfuko cha nailoni kilichofungwa fundo, vidogo, vyeupe, havina jina, havina tarehe, havina jina la kiwanda. Anayeuza ni shoga yako, au shoga ya shoga yako, na picha zake ziko kwenye simu: kabla na baada. Anakwambia ni mitishamba. Katika biashara hii ya kunenepesha, sehemu nyingi za Afrika, dawa mbili hujitokeza mara kwa mara. Moja ni saiproheptadini, dawa ya mzio, inayotia njaa na usingizi. Ya pili ni deksamethasoni, na hii nayo ni homoni, jamaa ya ile inayotengenezwa na tezi zilizo juu ya figo. Daktari huiandika kwa maradhi makubwa, kwa dozi iliyopimwa.

Ukiila kiholela, mwanzo utafurahi. Njaa inakuja, uso unajaa, watu wanakwambia mashallah umependeza. Kisha uso unakuwa mviringo, mafuta yanajikusanya tumboni na nyuma ya shingo, mikono na miguu inakonda. Ngozi inakuwa nyepesi, inachanika michirizi myekundu kwenye tumbo na mapaja. Sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofika. Na kifua? Kama kimeongezeka, ni mafuta na maji. Tezi haikukua hata chembe.

Krimu za kupaka nitazipita haraka: ya kweli haikuzi kitu, na inayofanya kazi kwenye ngozi kwa siku tatu huenda imetiwa steroidi, dawa za ukoo mmoja na hiyo deksamethasoni. Uwatu? Wazazi wetu wanaupika kwa mzazi ili maziwa yatoke, na sina ugomvi na mkungu wa uwatu. Haukuzi titi la msichana. Mwenye sukari anayetumia dawa aujue kwamba nao unashusha sukari.

Lakini tuulizane, macho yanayotupima ni ya nani? Mnasema ni ya waume. Mimi nasema nusu yake ni yetu. Barabarani tuko ndani ya buibui, hakuna anayejua nani ana nini. Ni kule ndani, kwenye kupamba, buibui zimevuliwa na gauni zimebana, ndiko maneno yanakotoka: "Huyu amebaki mbao." "Huyu kishaanguka." Bibi harusi anasingwa kwa dalia, anatiwa hina hadi viwiko, asmini kichwani, na bado somo wake, yaani kungwi anayemfunda, anamnong'oneza kwamba kifua chake hakitoshi. Nimewahi kumsikia kwa masikio yangu, na yule binti alikuwa akitetemeka mikono, hina haijakauka. Masomo mlioko hapa, na nawaona, mnatoa mafunzo mazuri mengi. Hilo liacheni.

Dada mmoja ameniandikia kikaratasi: je, dawa za homoni huleta saratani ya matiti? Utafiti mkubwa wa Denmark uliotolewa mwaka 2017, wa wanawake milioni 1.8, ulikuta kwa wanaotumia njia za homoni nyongeza ya wagonjwa kama 13 katika kila wanawake 100,000 kwa mwaka. Nyongeza ipo, ni ndogo. Vidonge hivyo hivyo hupunguza saratani ya mfuko wa mayai na ya mji wa mimba. Usiache kwa uvumi, wala usitumie bila kuulizwa historia ya nyumbani kwenu. Tena saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Kenya, tunaotumia na tusiotumia. Ukubwa usikushughulishe, shughulika na mabadiliko: uvimbe mgumu, ngozi iliyobonyea au iliyokuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, damu kwenye chuchu. Maziwa yakitoka na hunyonyeshi wala huna mimba, njoo pia. Huenda ni dawa unayotumia au ni prolaktini imepanda.

Swali la mwisho, la yule bibi aliyeinua mkono pale dirishani. Binti yake anavila vile vidonge vyeupe tangu kabla ya Ramadhani, avikataze leo? Bibi, usimkatishe ghafla. Kama ni deksamethasoni, tezi za juu ya figo zimelala kwa muda wote huo, na dawa ikikatwa mara moja mtu anaweza kuzimia, presha ikaporomoka. Mlete kesho asubuhi apimwe presha na sukari, daktari ampunguzie kidogo kidogo. Na mje na kimfuko chenyewe, hata kama kimebaki kidonge kimoja.