Kuisoma Kazi ya Mwanasayansi wa Angahewa

Ndugu zangu, walimu na wanafunzi, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupima mchango wa mwanasayansi wa angahewa. Nitaanzia pale ambapo kamati nyingi za kupandisha watu vyeo huanzia, yaani kwenye idadi ya makala na idadi ya marejeleo, maana yake mara ambazo watafiti wengine wamezitaja makala hizo katika kazi zao.

Kipimo kinachotajwa sana ni faharasa ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Hesabu yake ni nyepesi. Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa sana. Ikiwa ya 20 imerejelewa angalau mara 20, na ya 21 haikufikisha 21, h yako ni 20. Sasa tazameni kinachopotea: makala ya kwanza kwenye orodha hiyo iwe imerejelewa mara 25 au mara 20,000, h haitikisiki.

Katika fani yetu hasara hiyo ni kubwa. Mwaka 1963 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa MIT, chuo cha teknolojia kule Marekani, alichapisha makala iliyotumia milinganyo mitatu tu, inayoeleza mwendo wa kimiminika kinachopashwa joto kutoka chini. Alionyesha kwamba hali mbili zinazoanza zikiwa zimekaribiana mno huachana kabisa baadaye. Ndiyo sababu utabiri wa hali ya hewa una ukomo wake, hata kompyuta iwe kubwa kiasi gani. Kwa karibu miaka kumi waliojali makala hiyo walikuwa wachache, wengi wao wa fani hiihii. Wanahisabati walipoifikia katika miaka ya 1970, marejeleo yakamiminika, na leo ni maelfu kwa maelfu. Kamati iliyokaa mwaka 1968 ingeiona kuwa ya kawaida, ilhali makala yenyewe haijabadilika hata nukta tangu siku ile.

Mfano mwingine ni makala ya mtaalamu wa hali ya hewa Eugenia Kalnay na wenzake, ya mwaka 1996. Walichukua vipimo vya puto, meli, ndege na setilaiti vya miaka 40, wakavipitisha vyote katika mfumo mmoja wa kompyuta usiobadilishwa njiani, wakapata takwimu za angahewa zinazolingana mwaka hadi mwaka. Kabla ya hapo, kila modeli ya utabiri, yaani programu ya kompyuta inayokokotoa hali ya hewa, ilipoboreshwa, takwimu ziliruka, na mruko huo ungeweza kudhaniwa kuwa mabadiliko ya tabianchi. Anayetumia takwimu zao huirejelea makala ile, nayo imo miongoni mwa zilizorejelewa zaidi katika sayansi za dunia. Wapo wanaonung'unika kwamba makala za takwimu hupata marejeleo ya bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Kuwapa wenzio kitu cha kufanyia kazi kwa miongo ni sayansi kamili. Shida iko kwenye mgawo: waandishi ni zaidi ya 20, na kila mmoja huhesabiwa marejeleo yote. Nani alisafisha vipimo vya puto, nani aliandika programu, namba haisemi.

Ninaowaonea uchungu zaidi ni wale wanaopima angahewa yenyewe. Kituo cha Halley, kule Antaktika, kilipima ozoni, gesi ya angani inayotukinga na miale mikali ya jua, tangu miaka ya 1950, mwaka baada ya mwaka. Mhesabu makala angeweza kukiona mzigo. Kisha mwaka 1985 Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wakatangaza katika jarida la Nature kwamba ozoni ya majira ya kuchipua huko ilikuwa imepungua vibaya. Mwaka 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kupunguza kemikali zinazoharibu ozoni, ikatiwa saini. Bila vipimo vya ile miaka ya utulivu, wangelinganisha na nini?

Kwa hiyo nikipewa wasifu wa mtafiti, humwomba achague mwenyewe makala tatu, nikazisoma. Kisha nafungua baadhi ya makala zilizomrejelea, nione wamemtaja kwa lipi: wametumia mbinu yake, wamempinga, au wamempachika tu kwenye mabano ya utangulizi pamoja na wengine kumi. Halafu nauliza ni takwimu na programu zipi alizowaachia wengine, na kama zimeingia kwenye vituo vya utabiri. Mtabiri wa zamu anayetoa onyo la kimbunga kwa kutumia kazi ya mtafiti huyo haandiki makala, na kwa hiyo hana mahali pa kumrejelea.

Sasa nakaribisha maswali.