Madume Matatu Kwenye Mstari Mmoja

Haya, asanteni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, leo sikuja na paka wa kumparura mtu.

Najua wengi mshanisikia nikilisema hili la watu kukimbilia vyeo, nimelisema kwenye harusi, nimelisema hata msibani Mungu anisamehe, mume wangu akisikia tu neno "mkoa" anatoka kwenda kuosha gari. Lakini leo mmeniita wenyewe. Na mmeniita sababu kijana wetu mmoja, simtaji jina maana yuko hapa na kavaa shati ya bluu, kaniambia anataka kugombea ukurugenzi wa mkoa kwenye chama cha wafugaji paka. Nikamuuliza baba una muda gani kwenye chama? Akanambia miezi 8 shangazi. Miezi 8! Mwanangu, miezi 8 ndio umri ambao paka mwenyewe anatolewa darasa la watoto anaanza kushindana na wakubwa. Paka ndio kwanza anaingia uwanjani, wewe washataka kuwa mkurugenzi.

Sasa kuna mzee pale namuona anavyonitazama, najua anasema moyoni paka na uchaguzi wapi na wapi, kwetu paka kazi yake panya. Ntamjibu haraka haraka ili turudi kwenye kazi. Mzee wangu, shoo kubwa ya kwanza ya paka ilifanyika London mwaka 1871, pale Crystal Palace, aliyeipanga ni Harrison Weir. Hapa Marekani CFA, ndicho hicho chama cha wafugaji paka anachokitaka kijana, imeanza 1906. Hicho chama kina mikoa 9, 7 ni ya Amerika Kaskazini, wa 8 ni Japan, wa 9 ni Ulaya, na makao makuu yako Alliance, hapa hapa kwetu Ohio, ukitoka Columbus ni kama saa mbili kwa gari. Nenda ukaone makumbusho yao. Kuna ukosi wa fedha, fedha yenyewe silva, alovishwa paka anaitwa Cosey aliyeshinda pale Madison Square Garden 1895. Ati kazi yake panya.

Na mzee, wewe mtu wa pwani usinitupie paka. Mimi nimetoka Malindi. Ule msitu wetu wa Arabuko-Sokoke una paka wake, Wagiriama wanamwita kadzonzo, rangi yake kama gome la mti. Mwaka 1978 mama mmoja kule Watamu, Jeni Slater, akaokota watoto wa paka hao akawalea, baadaye wengine wakapelekwa Denmark, na 1993 shirikisho la kimataifa la vyama vya paka, FIFe, likamtambua kama aina kamili, jina lake Sokoke. Paka wa msituni kwetu ana vyeti, mimi nakaa hapa miaka yote hii nahangaikia karatasi. Haya tuache hayo.

Nataka niwape kisa kimoja, nikikimaliza na muda ukibaki tutasema mengine.

Mnanijua, mi pia nlitaka kiti. Msinitazame hivyo. Nlikua na miaka miwili kwenye klabu moja ya chama hicho, nina paka wawili, najua majina ya watu, nikajiona nimeiva. Nikachapisha vikaratasi vyangu na picha, mtandio ule wa kijani, nimetabasamu kama natangaza sabuni. Nikaenda nazo kwenye shoo, mji siutaji, klabu siitaji, ilikua Februari na theluji imeanguka usiku kucha. Nimefika saa mbili asubuhi na vikaratasi vyangu kwenye bahasha, nianze kusalimia watu. Hata sijavua koti, mama mmoja mzungu, umri kashapita 70, kajifunga eproni, kaniona nimesimama bure akanishika mkono. Akanambia karani wa ringi ya tatu, ringi ndio pale jaji anapowakagua paka, kakwama barabarani, njoo ukae wewe. Nikamwambia mi sijafanya ukarani. Akasema basi leo utafanya.

Jamani. Mtu akiona shoo anamwona jaji na yule paka na riboni. Karani hamwoni. Karani ndiye anayeita namba paka waletwe, ndiye anayepanga nani akae tundu lipi pale nyuma ya jaji, na jaji akishaandika kwenye kitabu chake karani ndiye anayekagua hesabu zinalingana, ndio zipelekwe kwa karani mkuu. Na hizo hesabu si mchezo, paka anapata alama moja kwa kila paka aliyempiku, msimu unaanza tarehe 1 Mei unaisha 30 Aprili, kuna watu wameendesha gari kwa masaa kumi kwenye theluji kutafuta alama 20. Ukikosea namba moja umemdhulumu mtu.

Sasa kwenye matundu kuna vikadi vya namba juu, vya bluu ni vya madume, vya pinki ni vya majike. Mi nikadhani ni urembo. Wallahi nikasema hawa wazungu wanapenda mapambo mpaka kwa paka. Nikavipanga kwa uzuri wangu, bluu upande huu, pinki upande ule, nimerudi nyuma nikaangalia nikaona imependeza. Nikaita namba. Wakaja madume matatu, hayajahasiwa, makubwa kila moja kifua kama cha baunsa, nikayaweka yote mstari mmoja ubavu kwa ubavu.

Mnacheka. Mliofuga dume mnajua.

La kwanza likanguruma. La pili likajibu. La tatu halikusema kitu, likageuka, likainua mkia, likanyunyiza mkojo. Kwenye tundu, kwenye kadi zangu nzuri, kwenye koti langu ambalo bado nlikua nimelivaa, na ile bahasha ya vikaratasi nlikua nimeiegemeza hapo chini. Jaji hakusema neno, alinitazama tu kama mtu anayetazama mvua. Yule mama wa eproni akaja na chupa ya dawa na gombo la karatasi, akapangusa, akatenganisha madume, dume jike dume jike, akaninong'oneza mpenzi wangu hizo rangi ndio kazi yake, usiweke dume jirani na dume. Akaondoka kwenda kuosha matundu ringi ya pili.

Nlikaa pale mpaka jioni. Mchana nikakosea namba mbili za paka weupe wa Kiajemi, mi nawaona wote mtu mmoja, karani mkuu akagundua kabla haijatoka, nikaitwa nikarekebisha mikono inatetemeka. Vikaratasi havikutoka hata kimoja, nani atapokea karatasi yanuka vile. Jioni ukumbi unatakiwa urudishwe safi la sivyo amana ya klabu inaliwa, tukafagia mchanga wa paka mi na yule mama na mume wake mwenye goti baya. Waliokuwa wakizungumza uongozi asubuhi kwenye kahawa, na mi ningekua mmoja wao, sikumuona hata mmoja.

Nikamwambia yule mama kwa nini hugombei wewe? Kila mtu anakujua, kila kitu unakijua. Akacheka. Akasema nikishaenda kwenye vikao vya bodi, nani atapangusa ringi ya tatu?

Hapo ndipo hasira zangu zinapotoka. Sababu hiyo ndiyo hali kila mahali, si kwa paka tu. Angalia kamati zetu za harusi, watu saba wanataka uenyekiti, sufuria haina wa kuikwangua. Anayejua kazi hataki kiti, anayetaka kiti hajui kadi ya bluu ni ya nini. Sisi tunakaa tunangoja atakayejipendekeza, tunampa. Mi nasema tumfuate aliye na eproni, tumbembeleze, tumwambie ringi ya tatu tutakaa sisi, we nenda ukatusemee. Mtu kama yule anakataa sababu anaona hana wa kumwachia ndoo.

Kijana wa shati ya bluu anainua mkono, shusha, najua unachotaka kusema. Utanambia shangazi kufagia si uongozi, mkurugenzi kazi yake ni mipango. Ni kweli kabisa. Nina rafiki alifagia miaka 15 akapewa klabu ikafa mikononi mwake, hakujua kuandika hata barua ya kuomba ukumbi. Sikatai. Lakini hebu nambie mkurugenzi wa mkoa anaamua nini? Klabu mbili zinataka wikiendi moja, wanaoleta paka ni walewale, moja itapata hasara. Nani arudi nyuma? Wewe ndo utawapigia simu. Kama hujawahi kukaa ukumbini unahesabu matundu matupu, utawaambia nini? Utawasomea kanuni? Watu wanaojitolea hawana mshahara wa kukatwa, ukiwaudhi wanabaki nyumbani na paka zao, yamekwisha, shoo hakuna.

Haya naonyeshwa saa. Nlikua na mambo mengine manne, ntayakimbia.

Kura. Kijana sikiliza hili maana vikaratasi ushachapisha, nimeviona kwenye gari. Kwenye CFA wanaopiga kura ni klabu, sio mwanachama mmoja mmoja. Unaweza kupendwa na watu 300 ukumbini na kura zako zikawa nne. Kwa hivyo ongea na makatibu wa klabu, hasa zile ndogo za mbali ambazo hakuna anayezipigia simu. TICA, chama kingine cha paka, wale walioanza 1979, kwao ni wanachama wenyewe wanapiga, huko ni habari nyingine. Na muhula wa CFA ni miaka miwili, mwaka wa kwanza wote utauliza choo kiko wapi.

Pesa. Hulipwi. Mafuta yako, hoteli yako nusu ya wakati. Na mkoa una mfuko wake na karamu ya zawadi mwisho wa msimu, riboni, vikombe, chakula, hiyo karamu peke yake inaweza kukuachisha na mkeo. Muulize kwanza mkeo.

La tatu lilikua la paka wa nyumbani wasio na ukoo, ambao nao wana darasa lao na ndio mlango rahisi kwa watu wetu, sasa halitoshi muda, anayetaka anifuate pale nje. La nne nimesahau. Lilikua zuri pia.

Kijana, sikukatazi. Una sauti, una kompyuta, unaandika Kiingereza cha barua vizuri kuliko sisi wote hapa. Jumamosi ya wiki ijayo kuna shoo, milango ya ukumbi inafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, wanahitaji watu wawili wa kuosha matundu na mmoja wa kukaa na karani ajifunze. Koti zuri liache nyumbani. Karatasi ya kuandika majina iko pale karibu na sambusa, jina la kwanza ni langu, la pili bado ni wazi.