Funza Anayetembea kwa Mgongo: Mjue Mbawakawa wa Maembe

Jambo yenu, ba mama na ba papa! Tuko Katuba, Lubumbashi, chini ya muembe. Mimi nauza mbolea ya majani, na kuna wateja wananirudia: "Papa, umeniuzia funza!" Leo mtaona huyo funza ni mtoto wa nani.

Mzazi ndiye huyu, kwenye embe lililopasuka. Mdomo wake hauna nguvu, ngozi ngumu haiwezi. Anatafuta lililoiva sana au lililotobolewa na ndege. Ni wa jamaa la mbawakawa linaloitwa Pachnoda: mwili mpana, manjano na kahawia. Vipapasio vyake vya kichwani mwishoni vinafunguka kama kurasa za kitabu. Katikati ya mabawa, hapa kwa juu, kuna pembetatu... ah, ameruka! Mwana, mfuate yeye na simu, usinifuate mimi! Mmeona? Mabawa magumu yamebaki yamefungwa, yale membamba yametokea ubavuni. Mbawakawa wengi hufungua yote. Alama hiyo naipenda kuliko rangi, maana rangi zao ni nyingi.

Twende kwenye lundo la mbolea. Jike anataga humu, yai linaanguliwa, mnajua. Funza anakula majani yaliyooza, anavua ngozi mara mbili akinenepa. Mweke juu ya ubao. Mwanga mbaya, ngoja... sawa. Anajipindua, anatembea kwa mgongo, miguu sita juu! Akijikokota kwa ubavu au kwa miguu, huyo ni mwingine, labda yule anayekula mizizi ya mahindi yako.

Sasa polepole. Weka koleo chini, tumia vidole. Tonge hili gumu la udongo si jiwe. Ni nyumba aliyoijenga kwa udongo na mavi yake, na ndani amekuwa pupa, yaani funza anayegeuka kuwa mbawakawa. Usilivunje! Hata kuchungulia kidogo, hapana. Likipasuka, mara nyingi hatoki mzima. Lirudishe palepale, ufunike. Nasema tena: usilivunje. We mwana, weka chini hilo!

Mzunguko wote ni wa miezi kadhaa. Baridi yetu ya Juni na Julai inamchelewesha.

Basi, mfuko wangu ukiwa na funza wa mgongo, mbolea ni nzima, anaendelea kuisaga. Ukimwogopa, usimpe kuku. Niletee, nikubadilishie mfuko.