Jicho Linalobubujika Ndilo Lililokauka

Shikamooni mama zangu. Dada zangu, habari za asubuhi. Naona wengi mmeshika leso, na tangu nikae hapa mbele nimeona zinavyopanda machoni na kushuka.

Kukoma hedhi kwenyewe sitakueleza. Joto la ghafla usiku, usingizi kukatika saa nane, hayo mnayajua vizuri. Nimekuja na jambo moja ninalolisema kliniki kila wiki, na nitalisema mpaka lieleweke: jicho linalotoa machozi ovyo katika umri huu, mara nyingi ni jicho lililokauka.

Shangazi yangu anakaanga vitumbua barazani kwake. Hedhi ilikoma akiwa na miaka 51. Mwaka uliofuata macho yakaanza kububujika. Sokoni yanamtoka, harusini yanamtoka, akipigwa na upepo kidogo ndiyo kabisa. Asubuhi akiamka anahisi kama ametiwa mchanga. Jirani wakasema mumewe anamtesa. Wifi yake akasema kuna mkono wa mtu. Mimi nikamwambia, “Shangazi, macho yako yamekauka.” Akanikasirikia kweli: “Mwanangu, maji haya yote unayaona, halafu unaniambia nimekauka?”

Sasa sikilizeni nilivyomjibu. Machozi si maji matupu. Chini kuna ute unaoyashika yasiteleze, katikati maji, juu kabisa mafuta membamba. Mwaga maji kidogo kwenye sinia uliweke juani, yanakauka upesi. Yatandazie mafuta juu, yanachelewa. Yale mafuta ya jicho yanatoka kwenye ukingo wa kope, pale nyuma ya nywele zake. Kuna vitundu vidogo, juu kama 30, chini kama 25, na kila kitundu ni mdomo wa tezi ya mafuta. Tezi hizo zinategemea homoni, hasa ile inayoitwa androjeni. Watu huiita homoni ya kiume, lakini kila mwanamke anayo. Umri ukisogea inapungua, na estrojeni, homoni ya kike, nayo inashuka. Mafuta yanakuwa machache na mazito, yanaganda mlangoni kama samli asubuhi ya baridi. Basi machozi yanakauka kabla hujapepesa. Jicho linawaka, ubongo unapiga kelele, maji yanaletwa kwa wingi. Lakini ni maji yasiyo na mafuta, hayakai. Yanamwagika shavuni na jicho linabaki kavu vilevile.

Shangazi hakunisikia. Alikwenda duka la dawa akaeleza kuwa macho ni mekundu na yanatoa maji. Akapewa matone. Ndani ya siku tatu wekundu ukaisha, akamshukuru Mungu. Uliporudi, akanunua chupa nyingine. Mwaka mzima hivyo, hakuna aliyempima, hakuna aliyemuuliza. Yale matone yalikuwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe inayoweza kupandisha presha ya jicho. Tulipokuja kumpima, presha ya jicho la kushoto ilikuwa imepanda na mshipa wa fahamu wa jicho umeshaumia. Uoni uliopotea pembeni mwa jicho lile haurudi. Nina hasira mpaka leo, na ndiyo maana nawaomba: tone la kusafisha wekundu usilinunue kwa kukisia. Steroidi ina kazi yake, lakini aitoe mtu anayekupima presha ya macho na kukufuatilia.

Najua kuna mama anawaza: kama kilichopungua ni homoni, si nimeze vidonge vya homoni? Hapana, si kwa ajili ya macho. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 25,000 wa Marekani waliokwisha koma hedhi. Waliotumia estrojeni peke yake walikuwa na uwezekano wa macho makavu uliozidi wa wasiotumia kwa asilimia 69. Walioichanganya na projesteroni, homoni nyingine ya kike, asilimia 29. Kama daktari amekupa kwa sababu ya joto au jambo jingine, endelea kumfuata daktari wako, ila usitegemee zitalainisha macho.

Na vidonge vya mafuta ya samaki? Mwaka 2018 watu 535 walifuatiliwa mwaka mzima, wengine wakipewa mafuta ya samaki, wengine ya zeituni. Nafuu haikutofautiana. Kula dagaa kwa sababu ni chakula kizuri, hela ya vidonge iweke. Asali, maziwa ya mzazi, mkojo: jichoni visiingie kabisa.

Kinachosaidia ni joto. Kitambaa safi, maji ya moto unayoyavumilia ukiyajaribu ndani ya kiwiko, unaweka juu ya macho yaliyofumbwa dakika 10, ukichovya tena kikipoa. Halafu unakanda kope taratibu, ya juu ukishuka, ya chini ukipanda, kuelekea kwenye nywele, ili yale mafuta yatoke. Asubuhi na jioni, na uvumilie wiki kadhaa. Pamoja na hayo machozi ya bandia, yaani matone ya kulowesha jicho. Ukiyatia zaidi ya mara nne kwa siku, omba yale yasiyo na kemikali ya kuhifadhi, maana hiyo nayo inachoma jicho.

Naambiwa muda umekwisha, basi haraka. Feni isikupulize usoni usiku. Moshi wa kuni ukae upande wa pili wako. Kwenye simu, pepesa, tukiikodolea tunasahau. Wanja upake nje ya nywele za kope, ukipaka ndani unaziba vile vitundu. Piriton na baadhi ya dawa za usingizi, za sonona na za presha zinakausha. Usiziache mwenyewe, mwulize aliyekuandikia. Kinywa kikikauka pia na viungo vinauma, tuambie, huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine. Maumivu makali, mwanga kukuchoma au kuona kupungua ghafla: hospitali siku hiyohiyo.

Mengine nitamjibu mmojammoja. Binti, lete lile beseni na chupa ya chai yenye maji ya moto. Shangazi, njoo uwaonyeshe unavyokanda, wewe siku hizi unajua kuliko mimi.