Hasara Iliangukia kwa Nani? Pengo la kipato baada ya benki kuyumba

Ndugu mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliokaa karibu na mlango mkidhani sitawaona mkitoka.

Mada niliyopewa ni ndefu: mwelekeo wa pengo la kipato katika nchi zinazoendelea baada ya mtikisiko wa fedha. Mimi nitaifupisha. Kila mtikisiko una hasara yake, na hasara haipotei hewani, lazima imwangukie mtu. Nataka tuulize ilimwangukia nani, lini, na kwa amri iliyosainiwa na nani. Walionisikia siku nyingine wameshaanza kunong'onezana, huyu tena na Argentina yake. Ndiyo. Mtaisikia na leo, na nawatahadharisha mapema kwamba muda wangu mwingi utaishia huko.

Ila nianze na Indonesia, kwa sababu kuna grafu yake moja inanikera kila ninapoiona.

Julai 1997 Thailand ilishindwa kuitetea sarafu yake, na moto ukasambaa. Rupia ya Indonesia, iliyokuwa kama 2,400 kwa dola moja, ilivuka 10,000 ilipofika Januari 1998. Mwaka huo pato la taifa lilishuka kwa takriban asilimia 13, na Mei Suharto akaondoka madarakani. Sasa angalieni kipimo cha Gini, kile cha pengo: sifuri maana yake wote wako sawa, moja maana yake mtu mmoja amechukua vyote. Mwaka 1996 kilikuwa karibu 0.36. Mwaka 1999 karibu 0.31. Kimeshuka! Usawa umeongezeka! Na wapo watu wazima, wenye shahada zao, wanaosimama mbele ya watu na kusema mgogoro ulileta usawa. Katika kipindi hichohicho, kwa takwimu za serikali hiyohiyo, walio chini ya mstari wa umaskini walitoka kama asilimia 17 na nusu mwaka 1996 wakafika asilimia 24 mwaka 1998. Usawa gani huo?

Tuifungue ile namba tuone ndani kuna nini. Indonesia haikuwa inapima kipato, ilikuwa inapima matumizi ya kaya. Uchunguzi wake mkubwa, Susenas, ulikuwa na sehemu ndefu ya matumizi inayojazwa kila baada ya miaka mitatu: 1996, halafu 1999. Mwaka 1998, ambao ndio hasa wa maafa, unadondokea katikati. Halafu matumizi yenyewe. Mwenye pesa, akiona mambo yameharibika, anaahirisha gari, anaahirisha safari, anafunga mkoba. Matumizi yake yanashuka, kipimo kinasoma kwamba amesogea karibu na maskini. Kumbe pesa yake iko benki, na katikati ya mwaka 1998 riba za benki kuu ya Indonesia zilifika karibu asilimia 70. Sitanii. Maskini yeye hana cha kuahirisha, maana mchele hauahirishwi. Bei ya mchele ilipopanda zaidi ya maradufu, alitumia zaidi kupata kilekile au pungufu, na dodoso likaandika kwamba matumizi yake hayakushuka sana.

Na jingine ambalo kila aliyewahi kubeba madodoso analijua: geti la tajiri halifunguki. Mdadisi anabisha, mlinzi anasema bosi hayupo, na bosi anaendelea kutokuwepo mpaka uchunguzi unaisha.

Nataka kuwa mwadilifu hapa, kwa sababu kuna mtu atainua mkono. Kushuka kule hakukuwa kiini macho chote. Wakulima wa kakao wa Sulawesi waliuza kwa bei inayofuata dola huku wakinunua mahitaji mengi kwa rupia, na miezi ile waliishi vizuri kuliko walivyowahi kuishi. Kazi za mjini zilipokatika, watu walirudi mashambani, na ajira katika kilimo iliongezeka. Ukosefu wa ajira ulisogea kidogo tu. Kilichoporomoka ni thamani ya mshahara, kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo ndiyo, mji ulishuka kuelekea kijiji. Lakini kuita hilo habari njema ni kuhesabu mifugo wakati fisi bado yumo zizini. Kwenye miaka ya mwanzo ya 2010 Gini ya Indonesia ilikuwa imefika karibu 0.41, na hiyo ilikuwa nchi ambayo uchumi wake ulishapona na kusifiwa.

Katikati hapo kulitokea nini? Mambo mengi, sitasema ni moja: bei za makaa ya mawe na mawese, ajira za viwandani kudorora, na kadhalika. Lakini moja halizungumzwi vya kutosha. Gharama ya kuokoa mabenki ilikadiriwa kuwa nusu ya pato la taifa la mwaka mzima, au zaidi. Serikali iliunda wakala wa kuchukua madeni mabovu na mali zilizowekwa dhamana, ikaziuza, na ilipofika 2004 wakala huyo alifungwa akiwa amerudisha chini ya theluthi moja. Viwanda, mashamba ya michikichi, hisa za benki: vyote vilinunuliwa na mtu. Nani anakuwa na fedha taslimu wakati kila mtu anauza? Yuleyule aliyefunga mkoba mwaka 1998. Kaya za kawaida nazo ziliuza, ziliuza dhahabu za wanawake ili watu wale. Nyingine zilipunguza matumizi ya shule za watoto wadogo ili wakubwa wamalize. Hilo halionekani kwenye Gini ya 1999. Linaonekana yule mdogo akifika miaka 25.

Haya, Argentina.

Kwa miaka kumi sheria ilisema peso moja ni sawa na dola moja. Watu waliamini, au walijifanya kuamini. Waliweka amana za dola, walikopa kwa dola, huku mishahara yao ikiwa ya peso. Mwaka 2001 wenye taarifa walianza kutoa pesa na kuzihamishia nje. Desemba, serikali ikafunga mlango: mwenye akaunti asitoe zaidi ya peso 250 kwa wiki. Waliokuwa wamebaki ndani wakati mlango unafungwa ni mstaafu, mwalimu, mwenye duka. Rais De la Rúa alijiuzulu Desemba 20. Duhalde alipoingia urais Januari 2002 aliwaahidi wananchi kwamba aliyeweka dola atapewa dola.

Sasa nisikilizeni taratibu, kwa sababu hapa ndipo pengo la kipato lilipotengenezwa kwa kalamu. Januari 2002 sheria mpya iliua ule usawa wa peso na dola. Ikasema mikopo ya dola ya wananchi, ya nyumba, ya gari, ya biashara ndogo, isiyozidi dola 100,000, ilipwe kwa peso: dola moja ya deni iwe peso moja. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Najua wapo wenzangu wa benki humu ndani wanaokunja uso. Lakini mtu anayelipwa peso angelipaje nyumba kwa dola zilizopanda bei mara tatu? Angefukuzwa, na benki ingebaki na mitaa mizima ya nyumba zisizo na mnunuzi.

Mwezi mmoja baadaye, Februari 3, likaja agizo la rais namba 214. Kikomo cha dola 100,000 kikaondolewa. Madeni yote ya dola katika benki za ndani, hata ya makampuni makubwa kabisa, dola moja kwa peso moja. Na amana? Dola moja kwa peso 1.40, na nyingi zikaahirishwa kulipwa kwa miaka.

Tufanye hesabu. Chukueni kalamu, msinitazame. Mstaafu ana dola 10,000 benki. Anaandikiwa peso 14,000. Katikati ya mwaka huo dola ilifika peso 3.50 na kupita. Gawanyeni: amebakiwa na dola 4,000, tena za kwenye karatasi. Kampuni inayouza nje inadaiwa dola milioni 10. Inaandikiwa peso milioni 10. Mauzo yake yanaingia kwa dola, kwa hiyo inabadilisha dola milioni 2.86 na deni limekwisha. Milioni saba na zaidi zimebaki mfukoni. Najua, kulikuwa na nyongeza ya mfumuko wa bei kwa amana na kwa mikopo mingi. Mfumuko wa mwaka ule ulikuwa kama asilimia 40, dola ilipanda kwa zaidi ya asilimia 200. Weka nyongeza zako zote, mstaafu bado ameliwa.

Sasa angalieni tundu lililobaki. Benki inadaiwa 1.40 na mwenye amana, inamdai mkopaji 1.00. Nani anajaza ile 0.40? Serikali ikawapa mabenki hati fungani, yaani ahadi ya maandishi ya kuwalipa baadaye pamoja na riba. Na hati fungani zinalipwa na kodi, na katika kodi zile mojawapo kubwa ni ya ongezeko la thamani, inayolipwa na kila anayenunua sabuni. Yule ambaye hakuwahi kuwa na amana wala mkopo, ambaye hajui hata mlango wa benki unafungukia upande gani, ndiye anayechangia lile tundu. Oktoba 2002, asilimia 57.5 ya watu wa mijini walihesabiwa kuwa maskini. Hao ndio wachangiaji.

Mtu ataniambia: mwalimu, matajiri nao walipoteza, hisa zao ziliporomoka. Ni kweli, na huwa naambiwa hivyo kwa huzuni kubwa. Hisa iliyoporomoka hujaipoteza mpaka uiuze, na tajiri halazimiki kuiuza. Aliyeuza dhahabu ya bibi yake Jakarta ili anunue mchele, yeye ndiye aliyelazimika. Tofauti ya anayeweza kusubiri na asiyeweza, ndiyo ninayotaka vijana mnaoandika tasnifu muende mkaipime. Acheni kidogo kurudiarudia majedwali ya Gini.

Na hata hayo majedwali msiyalinganishe ovyo. Gini ya Argentina ilikuwa ya kipato, tena ya mijini. Ya Indonesia ni ya matumizi, nchi nzima. Mtu anaziweka kwenye mhimili mmoja, anachora mistari miwili ya rangi, anapewa alama A. Inaniuma.

Lakini kila moja ukiifuatilia peke yake, kuna jambo. Indonesia, pengo lilipungua wakati wa mgogoro, likapanuka uchumi ulipopona. Argentina kinyume chake: Gini ilifika karibu 0.54 mwaka 2002, na muongo mmoja baadaye ilikuwa karibu 0.42. Anayetafuta kanuni kwamba mgogoro huongeza au hupunguza tofauti ya kipato atakesha. Argentina haikuwa na shamba la kurudi. Karibu watu tisa kati ya kumi waliishi mijini, kwa hiyo hasara ilitokea kama ukosefu wa ajira, zaidi ya asilimia 21 Mei 2002, na ukosefu wa ajira unatanua pengo papo hapo. Halafu ajira ziliporudi, pengo likarudi nyuma. Na hazikurudi zenyewe. Kulikuwa na bei nzuri ya soya, sawa, bahati. Lakini pia kulikuwa na mpango wa wakuu wa kaya wasio na kazi, peso 150 kwa mwezi, uliofikia watu karibu milioni mbili. Kima cha chini kikapandishwa mara kwa mara. Vyama vya wafanyakazi vikarudi mezani. Wazee ambao michango yao haikutimia wakaingizwa kwenye pensheni. Mtasema mambo yaliharibika tena baadaye. Yaliharibika, na huo ni mhadhara mwingine.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Naruka.

Meksiko 1995: uchumi ulishuka kwa kama asilimia 6, mabenki yakaokolewa kupitia mfuko ulioitwa Fobaproa, na miongo miwili baadaye walipakodi bado walikuwa wanalihudumia deni lake. Vijana waliozaliwa baada ya mgogoro wanalipa madeni ya watu ambao hata hawakuwahi kuwaona. Someni wenyewe.

2008 ilikuwa tofauti, kwa sababu katika nchi nyingi zinazoendelea benki hazikuanguka. Pigo lilikuja kwa njia ya biashara, bei za malighafi na fedha zinazotumwa na ndugu walio ughaibuni. Amerika ya Kusini pengo liliendelea kupungua hata wakati huo, jambo linalothibitisha ninalosema: pasipo kubadilishana hasara kwa amri za usiku, mtikisiko peke yake hautoshi kuwatajirisha wachache. 2020 nilitaka kuisema kwa kirefu, sina muda. Pensheni, sina muda. Kodi ya mali nayo nimeiacha, ingawa aliyeninong'oneza wakati naingia anajua tunaijadili nje.

Nitoe tu ninachokidai kila ninapopewa kipaza sauti. Serikali ikiokoa benki, ichapishe ndani ya mwaka huohuo orodha ya wakopaji wakubwa waliopunguziwa au kusamehewa, bei ya ubadilishaji iliyotumika kwa kila upande, na majina ya walionunua mali zilizouzwa, pamoja na bei waliyolipa. Bajeti yake ni ndogo, na hakuna utafiti wa kaya unaohitajika. Wanasema itavuruga imani ya soko. Imani ya nani? Mstaafu wa Buenos Aires alishavurugwa.

Maswali. Mwanzie nyuma, walio karibu na mlango.