Nyumba iliyopandishwa juu ya reli: nyumba kongwe ya Chicago

Kamwene, ndugu zangu wa Iringa! Wazee wangu mnaotazama kwenye simu za wajukuu, shikamooni. Wa Mbeya, Njombe na Mafinga, karibuni sana.

Leo maghorofa tuyaache. Tazameni hii nyumba nyeupe nyuma yangu, ya mbao, yenye nguzo nne nene mbele. Inaitwa Clarke House. Ilijengwa mwaka 1836, mwaka mmoja kabla Chicago haijatangazwa kuwa jiji, na ndiyo inayohesabiwa kuwa nyumba kongwe kuliko zote zilizobaki hapa. Wapo wanaobisha, maana kule Norwood Park kuna nyumba yenye sehemu ya mwaka 1833. Ila Norwood Park iliingizwa jijini mwaka 1893, kwa hiyo mimi nasimama na hii.

Mwenye nyumba alikuwa Henry Clarke, mfanyabiashara wa vifaa vya chuma aliyetoka jimbo la New York mwaka 1835 na mkewe Caroline. Walinunua ekari 20 karibu na Ziwa Michigan. Zile nguzo ni mtindo wa siku hizo: Wamarekani wenye uwezo walipenda nyumba zifanane na mahekalu ya Wagiriki wa kale. Mwaka 1837 uchumi ukaporomoka, benki zikafungwa, na upande mmoja wa nyumba ukakaa miaka bila kumaliziwa. Hilo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote anayejenga Kihesa au Ipogolo!

Mwaka 1849 kipindupindu kikamchukua Henry. Caroline akabaki na watoto na ile nyumba nusu. Akauza viwanja kidogo kidogo, akamalizia chumba cha kulia, akaongeza baraza ya nyuma, na kile kiminara mnachokiona juu ya paa. Wenyeji waliizoea kama nyumba ya mjane Clarke, na naona walisema kweli. Mume aliianza, mama ndiye aliyeijenga.

Sasa mafundi wangu wa mbao, sogeeni karibu. Miaka hiyohiyo ya 1830 Chicago ilianza kujenga kwa mbao nyembamba za kupigilia misumari, kwa haraka na kwa bei nafuu. Nyumba hii ilifuata njia ya zamani. Boriti ni nene, ncha yake imechongwa ulimi, ulimi ukaingizwa kwenye tundu la nguzo, kisha kikapigwa kigingi cha mti kushikilia. Fremu inajifunga yenyewe. Shikeni hapo, maana bila fremu hiyo sidhani kama ningekuwa na cha kuwaonesha leo.

Oktoba 1871 Chicago iliungua. Karibu watu 300 walikufa na kama 100,000 wakakosa makazi. Moto uliswagwa na upepo kuelekea kaskazini mashariki, na nyumba ilikuwa kusini, ikapona. Mwaka uliofuata mshona nguo mmoja, John Chrimes, akainunua na kuihamisha nzimanzima kilomita kadhaa kusini zaidi. Si kwamba aliibomoa akaijenga upya. Aliinyanyua kama ilivyo, na kuta zake na paa lake.

Safari ya pili ndiyo inayonishangaza. Mwaka 1977 serikali ya jiji iliinunua ili irudi jirani na pale ilipojengwa mwanzo. Katikati ya njia kulikuwa na reli ya juu, ile inayopita juu ya nguzo za chuma, na nyumba isingeweza kupita chini yake. Wakaipandisha! Wakapanga magogo, wakaweka jeki, wakainua nyumba nzima mpaka usawa wa reli, wakaivusha ng'ambo usiku. Ilikuwa Desemba. Baridi ya hapa mwezi huo si ya Mufindi, jamani. Jeki ziliganda, nyumba ikakaa juu kama wiki mbili ikisubiri kuteremshwa. Mwaka 1982 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Lakini kuna miaka nimeiruka, na ndiyo iliyonifanya nirekodi. Kuanzia 1941 nyumba hii ilikuwa mali ya kanisa la Wamarekani weusi, St. Paul Church of God in Christ, chini ya Askofu Louis Henry Ford. Ndiye aliyehubiri mwaka 1955 kwenye mazishi ya Emmett Till, kijana mweusi wa Chicago aliyeuawa na wazungu wabaguzi, na leo kuna barabara kuu hapa yenye jina lake. Zaidi ya miaka 30 waumini waliitumia na kuitunza nyumba hii, na jiji lilipokuja kuitaka, liliikuta imesimama. Makumbusho yalikuja baadaye. Kilichoibakiza ni kwamba ilikuwa na kazi na ilikuwa na watu.

Hata Boma letu hapo Iringa mjini ni hivyohivyo. Limejengwa na Wajerumani, likatumika kama ofisi za serikali, leo ni makumbusho. Halikukaa tupu.

Wasiwasi wangu uko kwenye tembe. Nyumba ya babu zetu Wahehe, ndefu, ya miti na udongo, paa bapa la udongo, ua katikati. Ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilipigwa mizinga Oktoba 1894, hiyo ilibomolewa na vita. Tembe za kawaida tumeziacha wenyewe, na mafundi waliojua kulaza miti ya paa ili udongo usivujishe wanazidi kuzeeka. Mimi sidai mtu alale kwenye tembe akiwa na bati lake. Naomba kijijini kwenu, penye nyumba ya zamani iliyobaki, nenda na simu na futi ya fundi. Omba ruhusa kwa wenyewe. Pima vyumba, piga picha paa kwa ndani, halafu mrekodi mzee akieleza miti gani ilitumika na ilikatwa msimu gani.

Vijana wa Kalenga na Tosamaganga, nawategemea muanze. Mkinitumia, nitatengeneza video ya picha na sauti zenu tu, na jina la kila fundi litasomwa.